Juu ya nini kable inaenda polepole kuliko wifi?



Mwanzoni mwa mwezi wa tatu yaya wangu mumoja, binti wa baba mudogo, alinipigia simu akaniambia neno ambalo lilinichekesha. "Ile kable yenu ni ya uongo," alisema. "Nikiichomoa, intaneti inakimbia. Nikiirudisha, inalala." Nikamjibu kama mtu anayejua sana: "Yaya, haiwezekani. Kable inashinda wifi siku zote. Kompyuta yako iko na virusi tu." Kumbe yeye ndiye aliyesema kweli, na mimi nilikuwa na majivuno.

Katika somo hili nataka tuone pamoja namna ya kutafuta ugonjwa kama ule. Visanduku vya meshi vimeanza kuingia katika nyumba za hapa kwetu, na vikileta shida, anayeitwa si mhandisi. Anaitwa mtoto wa shule: "Weye unasoma, kuja uangalie." Basi ni vizuri tujue tunaangalia nini.

Nyumba ya baba mudogo iko hapa Kalemie, komini ya Lukuga. Ni nyumba mbili katika kiwanja kimoja: ile kubwa ya matofali ya kuchoma, na ile ndogo ya nyuma, fasi yaya anafanyia kazi yake ya kuandika na kuchapa TFC za wanafunzi wa chuo kikuu. Sahani ya satelaiti iko juu ya mabati ya nyumba kubwa. Wifi ya kisanduku kimoja haikufika nyuma, ndiyo sababu baba mudogo alinunua visanduku vitatu vya meshi. Cha kwanza kinaunganishwa na sahani. Cha pili kiko kwa yaya, cha tatu kiko katika chumba cha wageni. Cha kwanza kinapokea intaneti na kuwapa wenzake, na wenzake wanaitoa tena kwa simu na kompyuta zilizo karibu nao, kama watu wanaopokezana ndoo ya maji toka ziwani mpaka jikoni. Simu yako inaona jina moja tu la wifi. Ukitembea toka saloni mpaka nyuma, inahama yenyewe toka kisanduku hiki kwenda kile. Wahandisi wa IEEE walitoa utaratibu mmoja wa meshi mwaka wa 2011, unaoitwa 802.11s, ingawa makampuni mengi hufuata namna zao wenyewe.

Kupokezana kwa redio si jambo la nyumba za wenye mali tu. Kule Gulu, kaskazini mwa Uganda, kazi iitwayo BOSCO ilianza mwaka wa 2007 kuunganisha kambi za watu waliokimbia vita, kwa redio na kwa umeme wa jua. Katika Kibera, mtaa wa Nairobi, TunapandaNET imeunganisha shule na vituo vya vijana kwa redio zilizowekwa juu ya paa. Wale wanapokezana ndoo kwa kilomita, sisi kwa mita thelathini. Lakini magonjwa yanafanana.

Sasa sikilizeni vizuri, sababu hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Kisanduku cha pili kina tundu nyuma yake. Unachukua kable fupi, unaitia katika kompyuta na katika tundu lile, na unasema: "Mimi situmii wifi, niko na kable." Ni kweli kwa mita moja. Lakini toka kisanduku cha pili mpaka cha kwanza, maneno yako yanaweza kuwa yanapita hewani, kwa redio. Ni sawa na kutia lami mbele ya mlango wako, na njia yote ya kwenda Nyunzu inabaki matope. Gari haliwezi kwenda mbio kwa ajili ya ile lami ya mlangoni.

Na redio ina mipaka yake. Fikirini reli yetu ya kwenda Kabalo, iliyofika hapa mwaka wa 1915. Ni reli moja tu. Treni inayokwenda na treni inayorudi haziwezi kupitana paka kwenye stasio, moja inangoja. Redio ya wifi iko vile vile: haisemi na kusikia wakati mmoja kwenye masafa yale yale. Kama kisanduku cha pili kinatumia redio moja kupokea toka cha kwanza na kumpa yaya, kila neno linapita juu ya reli ile mara mbili, na mbio inapungua karibu nusu. Kuna visanduku vyenye redio tatu, na moja inawekwa pembeni kwa maongezi ya visanduku wenyewe kwa wenyewe. Vile havipotezi sana. Lakini ongeza ukuta wa matofali, ongeza mabati, ongeza wifi ya jirani, na hata redio nzuri inachoka.

Ndiyo maana mtu mwenye akili anavuta kable ndefu kati ya kisanduku cha kwanza na cha pili. Kable haingoji treni, sababu inasema na kusikia kwa wakati mmoja. Baba mudogo aliita fundi kijana mumoja kufanya kazi ile wakati wa likizo ya Noeli. Alivuta mita thelathini hivi, chini ya ukingo wa mabati, kazi safi. Walipatana bei, akapewa nusu, na dola 40 zikabaki za kumpa kazi ikisha kuonekana.

Hapa nianze kusema habari yangu mwenyewe.

Kable ilikuwa tayari na fishi zake pande zote mbili. Fishi ni kile kichwa cha plastiki kinachoingia katika tundu. Lakini matundu ya ukuta yalikuwa membamba, fishi hazikupita. Fundi akasema atarudi Jumatatu na mashini ya kutoboa. Mimi sikungoja. Nilikuwa nimeona kazi ile mara mbili tatu, na fundi alikuwa ameacha koleo yake ya kubana na fishi mpya katika kisanduku cha vyombo. Nikakata fishi zote mbili, nikapitisha kable, nikabana fishi mpya. Waya nane za ndani nilizipanga vile zinavyolala: machungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, buluu na mwenzake, kahawia na mwenzake. Upande wa pili nikafanya vile vile kabisa. Kisha nikatia kile kipima-kable chenye taa nane. Taa zikawaka moja, mbili, tatu, mpaka nane, bila kuruka hata moja. Nikajipongeza. Jumatatu fundi akaja, akakuta kazi imekwisha, naye akapima kwa taa zile zile, akaona nane, akaenda zake.

Mwezi wa kwanza intaneti ya yaya ikawa mbaya. Wateja walikuwa wanangoja TFC zao zitumwe, wanachoka, wanaenda kwa mwingine. Fundi alipokuja kuomba feza yake iliyobaki, baba mudogo alikasirika. "Ulituuzia kable mbaya. Sitoi hata franka." Akaniuliza na mimi, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho: "Weye unaona namna gani?" Nikajibu: "Itakuwa ni zile kable za alumini zilizopakwa shaba juu." Nilisema hivyo bila kupima kitu. Fundi aliniangalia, hakusema neno, akaondoka.

Mwezi wa pili, kama ninyi nyote mnavyojua, kapita ndiye anayesoma majina ya wale ambao hawajamaliza feza ya masomo. Nilisoma majina. Mumoja wao alikuwa ndugu mudogo wa yule fundi, na ni fundi anayemlipia. Sikujua wakati ule. Nilijua baadaye, na nimemuomba yule kijana ruhusa ya kuandika habari hii. Alikubali, ila sitaji jina wala darasa lake. Alikaa nyumbani majuma matatu.

Sasa turudi kwa somo. Jumamosi moja, baada ya ile simu ya yaya, nilikwenda na laptopu ya kuazima kutafuta ukweli.

Neno la kwanza la kujua ni kwamba usipime njia yote kwa mara moja. Watu wanafungua ukurasa wa kupima mbio, wanaona namba ndogo, wanapiga kelele. Lakini namba ile imepita kompyuta, kable fupi, kisanduku cha pili, kable ndefu, kisanduku cha kwanza, sahani, mbingu, na mashini iliyo mbali sana. Ukiambiwa kwamba basi limechelewa toka Lubumbashi, bado hujui limekwama wapi. Kata njia vipande vipande.

Nikaanza mbele. Laptopu kwa kable fupi, moja kwa moja katika kisanduku cha kwanza: megabiti 80 kwa sekunde. Nikapima tena baada ya robo saa, karibu sawa. Basi sahani ilikuwa nzima. Nikaenda nyuma kwa yaya, laptopu katika kisanduku cha pili, kable ndefu ikiwa mahali pake: megabiti 4. Kisha nikachomoa kable ndefu, nikangoja dakika tatu kisanduku kitafute redio: megabiti 25. Yaya alikuwa amesimama mlangoni mikono kifuani. Hakusema kitu, na hakuwa na haja ya kusema.

Mtu atauliza: kama redio ilikuwa nzuri kuliko kable, mbona kisanduku hakikuchagua redio chenyewe? Ni sababu visanduku vingi vinapenda kable mara tu vinapoisikia. Vinaona kuna mtu upande wa pili, vinamwamini. Havipimi kama mtu yule ni mgonjwa.

Kipande cha tatu kilikuwa kable yenyewe. Nikaitoa katika kisanduku cha pili na kuitia moja kwa moja katika laptopu. Mnapaswa kujua kwamba mashini mbili zikiunganishwa kwa kable, kabla ya kuanza kazi zinaongea kwanza na kupatana zitakwenda mbio gani: megabiti 10, ao 100, ao 1000. Kompyuta inaandika namba hiyo katika sifa za mtandao wake. Katika Windows utaiona katika mipangilio ya etheneti. Namba hii si mbio ya intaneti. Ni mapatano ya mashini mbili tu. Lakini ni kama joto la mwili kwa daktari, lazima uangalie kwanza. Utaratibu wa megabiti 100, wa mwaka wa 1995, unatumia waya nne tu kati ya nane. Ule wa 1000 juu ya kable ya shaba, wa mwaka wa 1999, unatumia zote nane. Kwa hiyo ukiona 100 mahali ambapo mashini zote mbili zinaweza 1000, fikiri kwamba kuna waya unaoumwa, na usiende kununua kisanduku kipya. Laptopu yangu iliandika 100. Mara nyingine ilianguka mpaka 10, ikapanda tena.

Hata 100 si 4. Kitu kingine kilikuwa kinakula. Tukabeba kompyuta ya yaya mpaka nyumba kubwa, tukaitia katika kisanduku cha kwanza, na laptopu ikabaki nyuma mwisho wa kable ndefu. Kuna programu ya bure inayoitwa iperf3: kompyuta moja inatuma, nyingine inapokea, na zinahesabu. Hapo intaneti haiingii kabisa, hata sahani unaweza kuizima. Tulipata megabiti 6, na tulipojaribu amri ya ping, ujumbe mumoja katika kumi haukurudi. Kisha nikaleta laptopu saloni na kuweka kable fupi pahali pa ile ndefu: 940. Katika 1000, ile 60 inayopungua ni bahasha tu, yaani maandishi ya anwani yanayozunguka kila ujumbe; 940 ni afya kamili.

Basi ugonjwa uko katika mita thelathini zile. Nilifurahi, nasikitika kusema. Nilifikiri: ni alumini, nilisema mimi! Nikachukua kisu, nikakwangua waya mumoja katika kipande nilichokuwa nimekikata Noeli, ambacho watoto walikuwa wanachezea. Kable ya alumini iliyopakwa shaba, ukiikwangua, inatoa weupe ndani. Hii ilikuwa nyekundu mpaka katikati. Shaba tupu. Yule fundi alinunua kable nzuri, pengine kwa bei iliyomla faida yake.

Nikakaa chini. Nikaipeleka fishi kwenye dirisha, nikaangalia rangi kupitia ile plastiki. Hapo nikaanza kuelewa.

Ndani ya kable waya nane zimesokotwa mbili mbili. Watu wengi wanafikiri zinasokotwa ili zikae vizuri tu. Hapana. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alipata hati ya ufundi huu mwaka wa 1881, sababu waya za simu zilikuwa zinabeba kelele za waya za jirani. Mashini inayopokea haiangalii waya mumoja. Inaangalia tofauti kati ya waya wawili. Fikirini watu wawili wamesimama ndani ya mtumbwi mumoja pale ziwani. Wimbi likipita, wanainuka wote wawili pamoja, na ukipima nani anamzidi mwenzake kwa urefu, hesabu haigeuki. Sasa muweke mumoja katika mtumbwi huu na mwingine katika mtumbwi ule mbali kidogo. Wimbi linamwinua huyu wakati yule anashuka, na kipimo chako kinaharibika kila mara. Kusokotwa ni kuwaweka katika mtumbwi mumoja.

Sasa, katika fishi, waya wa kwanza na wa pili ni jozi moja. Wa saba na wa nane ni jozi. Wa nne na wa tano, katikati, ni jozi. Lakini wa tatu mwenzake ni wa SITA. Ni mpango wa ajabu, unatoka katika mambo ya simu za zamani, ambapo katikati paliachiwa waya za simu. Mimi nilipopanga rangi vile zinavyolala, wa tatu ulikuwa nyeupe-kijani na wa sita ulikuwa buluu. Watu wa mitumbwi miwili! Na wa nne na wa tano vile vile. Jozi mbili katika nne zilikuwa zimetengana ndoa, na kwa mita thelathini kila moja ilikuwa inasikia maneno ya jirani.

Na kipima-kable? Kile hakikudanganya. Kinauliza jambo moja tu: waya wa kwanza huku unafika wa kwanza kule? Ndiyo. Wa pili? Ndiyo. Sababu nilifanya kosa lile lile pande zote mbili, majibu yote yalikuwa ndiyo. Hakiulizi waya amesokotwa na nani. Taa nane zinaonyesha kwamba waya hazikukatika wala kugeuzana. Zaidi ya hapo hazijui.

Utaratibu wa kweli unaotumika sana unaitwa T568B. Ningewachorea picha, lakini karatasi yetu ya stensili haijui rangi, basi andikeni katika madaftari: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili vile vile. Na mnapofumua msokoto ili kuingiza waya katika fishi, msifumue zaidi ya sentimita moja na kidogo. Mtu anayefumua kidole kizima anarudisha ugonjwa ule ule kwa mlango wa nyuma.

Nikakata fishi zote mbili, nikabana upya. Kompyuta ikaandika 1000. iperf3 ikatoa 940. Kompyuta ya yaya, mahali pake pa kawaida nyuma, ikapata megabiti 80 toka intaneti. Kaka yake mudogo akasikitika: "Mbona si 1000?" Sababu sahani inatoa 80, na bomba pana halizalishi maji.

Jioni baba mudogo alirudi toka kazini. Yaya alitaka kuanza kueleza, nikamuomba aniachie.

"Baba, kable iko muzuri. Ilikuwa muzuri tangu mwanzo."

"Na ugonjwa ulikuwa wapi?"

"Kwenye fishi."

"Nani alitia zile fishi?"

"Ni miye, baba."

Alikaa kimya muda mrefu, mpaka nikasikia redio ya jirani. Kisha akaenda chumbani, akarudi na feza. "Utamupelekea weye mwenyewe," akasema. "Na utamwambia vile umeniambia."

Nilimkuta fundi kesho yake baada ya ibada, anatengeneza simu mbele ya nyumba yao. Nilimpa dola 40 na kumwambia yote, pamoja na lile neno langu la alumini. Nilingoja anitukane. Yeye aliuliza tu: "Ulipanga rangi namna gani?" Nikamwambia. Akatikisa kichwa. "Na miye nilifika Jumatatu, nikaamini taa. Singeangalia rangi hata siku moja." Kisha akaniuliza ile iperf3 inapatikana wapi. Ndugu yake alirudi darasani Jumanne.

Kuna magonjwa mengine, nitayapitia mbio, maana mwalimu wa gazeti amenipa kurasa chache. Swichi ya zamani ya megabiti 100 iliyofichwa nyuma ya kabati inafunga kila kitu kilicho nyuma yake; soma maandishi ya chini yake. Kable mbili kati ya visanduku vile vile viwili, ao kable inayotoka katika swichi na kurudi katika swichi ile ile, zinafanya duara: ujumbe unazunguka bila mwisho, na mtandao wote unakufa hata kwa waliokuwa wazima. Visanduku vingine vinajua kuzuia duara, vingine hapana. Kable isizidi mita 100, na isilazwe bega kwa bega na waya za umeme. Ile inayopita nje, kama ya baba mudogo, jua linakula ganda lake, na hapa kwetu radi za ziwa ni kali. Mvua ikianza kunguruma, ni afadhali kuichomoa pande zote mbili. Na kisanduku kinachokula umeme wa betri iliyochoka kinajizima na kujiwasha, kila mara kinatafuta wenzake upya, na mwenye nyumba anadhani ni kable.

Neno dogo kwa wale wanaopenda historia. Etheneti, lugha hii ya kable, iliwazwa na Robert Metcalfe mwaka wa 1973 katika maabara ya Xerox kule Palo Alto, Marekani. Wazo lake lilitoka kwa ALOHAnet, mtandao wa chuo kikuu cha Hawaii ulioanza kazi mwaka wa 1971 kuunganisha visiwa kwa redio. Kwa hiyo kable na redio si maadui. Kable ni mtoto wa redio.

Zoezi. Nyumba moja ina visanduku vitatu. Kati ya cha kwanza na cha pili kuna kable, na mashini zimepatana 1000. Kati ya cha pili na cha tatu hakuna kable. Kompyuta imetiwa katika kisanduku cha tatu kwa kable ya mita mbili, nayo inaandika 1000. iperf3, toka kompyuta ile mpaka nyingine iliyo kwenye kisanduku cha kwanza, inatoa megabiti 30. Mtu mumoja anataka kununua kable mpya ya mita mbili. Mwingine anataka kulipia intaneti kubwa zaidi. Nani kati yao atapoteza feza yake, na wewe ungepima nini kabla ya kumjibu yeyote? Andikeni na sababu, mtie katika sanduku la gazeti karibu na mlango wa maktaba kabla ya Ijumaa. Majibu mazuri yatachapwa katika namba ijayo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho